Wa ridhaa si mbabaishaji

Ukifuatilia habari za michezo redioni umeshasikia "ngumi za ridhaa". Na mtafiti akikubishia hodi na dodoso lake, kabla ya swali la kwanza anakupa "fomu ya ridhaa" usaini. Neno ni lile lile. Sasa bondia na mhojiwa wamekutania wapi?

Ridhaa ni neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa radhi, kuridhia, kuridhika na maridhiano. Kwenye fomu maana yake ni kwamba umekubali bila kushurutishwa. Ulingoni ni kwamba unapigana kwa hiari, si kwa ujira, ndiyo maana kinyume chake ni "ngumi za kulipwa". Angalia hapo: neno halisemi chochote kuhusu uwezo. Kwa miaka mingi mabondia wa Olimpiki walikuwa wa ridhaa, na wale wa kulipwa waliruhusiwa mwaka 2016 tu. Ukidhani wa ridhaa ni mtu wa kujaribujaribu, simama naye raundi moja.

Ulaya mambo yalikwenda vingine. Neno amateur la Kifaransa lina asili ya Kilatini, maana yake mpenzi, yaani anayefanya jambo kwa kulipenda. Dilettante ni la Kiitaliano, linatokana na kufurahia. Mwaka 1734 mabwana wa London walianzisha Society of Dilettanti, na jina hilo walilibeba kwa fahari. Leo mwite mtu dilettante uone kama atacheka! Kadiri kazi zilivyozidi kuwa za vyeti na mishahara, anayependa tu akaanza kuonekana hajui.

Kiswahili kimegawa kazi hiyo vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Anayeonja kila kitu bila kuzama, leo gitaa, kesho programu za kompyuta, tunasema anagusagusa au anadonoadonoa. Kitenzi kinarudiwa, uzito unapungua. Wa kumlaumu ni mbabaishaji. Neno hili limetokana na kubabaisha, yaani kumfanya mwingine ababaike, kwa hiyo kosa lake si kujua kidogo, ni kukuchanganya ili usigundue. Na mbabaishaji anaweza kabisa kuwa na mshahara, hilo nadhani unalijua.

Kwa hiyo ukikuta kazi mbovu imeitwa "amateur" kwa Kiingereza, usiitafsiri "ya ridhaa". Mfikirie William Herschel. Alikuwa mpiga kinanda kanisani na mwalimu wa muziki mjini Bath, Uingereza. Darubini alijiundia mwenyewe, nyota akazitazama usiku kwa mapenzi yake. Machi 1781 akaiona Uranus, sayari ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua kuwa sayari. Mfalme George III alianza kumlipa pauni 200 kwa mwaka mnamo 1782. Hapo ndipo Herschel alipoacha kuwa mnajimu wa ridhaa, na sayari alikuwa ameshaipata.