Fahamu: Mageuzi ya maji yanavyogusa afya na masomo ya mtoto

Mageuzi ya huduma ya maji hupimwa kwa bili, ilhali kipimo cha kweli ni mtoto. Argentina ilipobinafsisha huduma hiyo katika manispaa nyingi miaka ya 1990, utafiti wa wanauchumi Galiani, Gertler na Schargrodsky, uliochapishwa 2005, ulionyesha vifo vya watoto katika manispaa hizo vilipungua kwa asilimia 8, na asilimia 26 katika maeneo maskini zaidi. Faida inafika hadi shuleni: mtoto asiyeharisha kwa maji machafu hakosi darasa kwa sababu hiyo. Bomba likifika nyumbani, msichana hutua ndoo akashika daftari. Wapinzani wa ubinafsishaji watataja Dar es Salaam, ambako mkataba wa 2003 wa kampuni binafsi ya maji, City Water, ulivunjwa 2005. Wana hoja, lakini inathibitisha jambo lilelile: muhimu si nani anamiliki bomba, bali linamfikia nani.