Nani avae soksi Malindi? Mimi nilifuma jozi kumi na sita

Malindi ni mji wa ndala. Tembea kutoka Maweni hadi Shella saa nane mchana uhesabu miguu iliyovaa soksi, sidhani utafika kumi. Kwa hivyo kijana akikwambia anafuma soksi kwa mashine, tena za rangi rangi, lazima ucheke. Jirani yetu alinicheka wiki nzima. "Joto hili na soksi? Si ungeuza barafu!"

Lakini hebu tuhesabu vizuri. Mwanafunzi anavaa soksi kila siku ya shule, na nyingi zina mistari ya rangi ya shule pale juu. Askari wa getini anavaa. Mhudumu wa hoteli anavaa. Mtoto mchanga anavalishwa hata Februari, jua likipasua mawe. Na jioni, kila kiwanja chenye vumbi kina vijana ishirini na wawili wanaotafuta stokingi. Soksi zipo, ni vile hatuziangalii.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa diploma karo iliponishinda. Nikarudi nyumbani na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Mama anauza viazi karai, na mtu mzima wa miaka 23 kukaa barazani huku mamake anakaanga viazi, we acha tu. Basi shangazi yangu, aliyekuwa akimfulia bibi mmoja wa Kitaliano, akaachiwa vyombo bibi yule alipohama kurudi kwao. Ndani ya sanduku kulikuwa na kitu cha chuma, kizito, cha mviringo, kina mkono wa kuzungusha. Shangazi alidhani ni cha kusagia nyama.

Ilikuwa mashine ya soksi. Sindano 60 zimesimama wima kwenye duara. Kila sindano ina ndoano juu na ulimi mdogo unaofunguka na kujifunga. Ukizungusha mkono, sindano zinapanda na kushuka kwa zamu, kila moja inadaka uzi na kuuvuta upite ndani ya kitanzi cha zamani. Mzunguko mmoja, mstari mmoja. Chini unaning'iniza uzito wa kuvuta kile kilichofumwa. Ukiusahau, vitanzi vinaruka kutoka kwenye sindano na soksi nzima inadondoka miguuni kwako. Imenitokea, si mara moja.

Kitu hiki kina historia ndefu. Mwingereza William Lee alitengeneza mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Ile sindano yenye ulimi ilikuja katikati ya karne ya 19, nayo ndiyo iliyowezesha mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono kukaa mezani nyumbani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wa Marekani, Kanada na Uingereza walikuwa nazo majumbani, wakiwafumia wanajeshi soksi.

Mimi nilifundishwa na YouTube, bando la usiku. Mwezi mzima niliumaliza kwenye kisigino. Hapo huzungushi tena, unainua nusu ya sindano zipumzike, na zile 30 zilizobaki unazifuma kwenda na kurudi. Kila mstari unapumzisha sindano moja ya pembeni, mpaka zinabaki kama kumi katikati, halafu unaanza kuzirudisha kazini moja moja. Ukikosea hesabu, kisigino kinatoka kama kikombe kilichobonyea.

Uzi je? Mpya wa sufu ni ghali. Ila huku Pwani sweta za mitumba haziendi, nani anazitaka? Sweta nzito ya sufu naipata kwa shilingi 80, na inatoa jozi mbili za stokingi. Siri iko kwenye mshono wa ubavuni. Geuza sweta ndani nje. Ukiona imekatwa na kushonwa kwa ovaloki, iache, manake uzi umekatika kila mstari. Tafuta ile iliyofumwa kwa umbo lake na kuunganishwa tu. Hiyo ukipata ncha, inafumuka kama maji. Kisha loweka uzi, uning'inize na kitu kizito hadi unyooke. Na usichukue ule mnene, utakuvunjia sindano.

Nilijiona mvumbuzi hadi niliposoma habari za Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16. Anasema wafumaji wa Sofala, Msumbiji ya leo, walikuwa na pamba nyeupe lakini hawakuwa na rangi. Wakachukua vitambaa vya buluu kutoka Cambay, India, wakavifumua, wakachanganya nyuzi zile na nyeupe yao na kufuma nguo za rangi. Miaka 500 baadaye niko barazani nafumua buluu ya watu wengine. Kumbe ni kazi ya kwetu.

Sasa nije kwenye fedheha yangu.

Timu ya mtaa ilikuwa na mashindano ya likizo. Nahodha akaniagiza jozi kumi na sita, bluu na nyeupe, shilingi 350 kwa jozi. Akatanguliza nusu, shilingi 2,800, na siku hiyo hiyo zote zikaenda kulipa deni la unga na mafuta ya mama dukani. Mimi kwa kutaka sifa nikasema nitawawekea na mapambo ya zigizaga, kuanzia chini hadi juu.

Mistari ya kawaida ni rahisi. Unakata uzi mmoja, unafunga mwingine, unaendelea kuzungusha. Zigizaga ni rangi mbili ndani ya mstari mmoja. Hapo mashine haikusaidii sana, unaulaza uzi wa pili kwa mkono kwenye sindano zake, moja moja, na uzi usiotumika unapita kwa ndani. Nikakesha siku nne, jozi sita. Zilikuwa nzuri, wallahi.

Nahodha akaja kujaribu mbele ya wenzake. Vidole vikaingia, na soksi ikafika kisiginoni ikakataa. Akavuta. Ikakataa kabisa. Mtu akauliza kama ni soksi ya mkono. Watu walicheka hadi mwenye tuktuk akasimama kuangalia.

Kosa lilikuwa zile nyuzi zinazopita ndani. Kitambaa cha rangi moja kinavutika, ila uzi ulionyooka ndani hauvutiki, na mimi niliukaza. Pesa ya watu ilishaliwa, mashindano yamebaki siku tisa. Mama hakunigombeza. Aliketi karibu yangu akashika ncha ya soksi ya kwanza, akaanza kufumua.

Nikaanza upya. Mistari mitupu mguu mzima, na zigizaga safu moja tu juu karibu na goti, uzi umelegezwa, na rangi hairuki zaidi ya vitanzi vinne. Buluu za mitumba hazikufanana, zilikuwa aina tatu, basi nikazipanga kutoka nzito chini hadi nyepesi juu. Walidhani nilikusudia. Siku ya mechi nilikuwa na jozi kumi na nne. Wachezaji wawili wa akiba walivaa soksi zao za zamani, na nikakata shilingi 700 kwenye deni lao.

Baadaye nikapiga hesabu ambayo ningepiga mwanzo. Jozi ya mistari ni saa mbili na nusu. Ukitoa uzi wa shilingi 40, inabaki 310, yaani shilingi 124 kwa saa. Zile za zigizaga mguu mzima zilikula saa tano jozi moja, kwa hivyo shilingi 62 kwa saa. Nilikuwa nachora maua na kujilipa nusu. Siku hizi mistari ni 350, zigizaga ni 600, na naitaja bei kabla mteja hajakaa.

Sishindani na soksi za dukani za jozi tatu mia, siwezi. Ninachoweza ni kile kiwanda hakitaki. Hakuna kiwanda kitakachowasha mashine kwa jozi kumi na sita. Wiki iliyopita mama mmoja mshonaji wa sare alikuja, ana chekechea ya watoto 24, rangi zao chungwa na kijani, amezunguka maduka yote amekosa. Aliuliza kama naweza kuwawekea watoto na kasamaki kidogo ubavuni.

Nikamtajia bei ya samaki. Akachagua mistari.