Je, Wajua? Kipokezi Kinachojipinda

▪ Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, wanayochomwa akina mama wa Masisi na Walikale huko Kongo, haina projesteroni, homoni ya mwili. Ina medroksiprojesteroni, dawa ya maabara. Hata hivyo kipokezi cha projesteroni, protini ya seli inayoshika homoni na kuamuru jeni, huipokea!

▪ Dawa huingia katika tundu la kipokezi, na kuta zake hujipinda kufuata umbo la dawa. Kisha kipande chake cha mwisho hulifunika tundu kama kifuniko cha chungu. Hapo jeni hupata amri.

▪ Mifepristoni, dawa inayopinga projesteroni, huingia tundu hilohilo. Upana wake hukisukuma kifuniko kando, na amri huzuiwa.

▪ Vipokezi vingine pia hujipinda: tundu la kipokezi cha kortisoli, homoni nyingine, hupanuka karibu mara 2 kuipokea steroidi kubwa ya deasilikortivazoli.