Darubini ya Bunduki na Milimita Moja ya Mtutu

Upande wa Kigongo wa Ghuba ya Mwanza, pale magari yalipokuwa yakipanga foleni kusubiri kivuko, sasa linaanzia Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa rasmi tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3, na kwa anayetaka kuelewa darubini hakuna kipimo kizuri kama hiki katika Kanda ya Ziwa yote. Jicho zima la binadamu huweza kutenganisha vitu viwili iwapo pembe iliyo kati yao haipungui dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa mita 100, pembe hiyo ni sawa na sentimita 3. Kwa kilomita 3 inafika karibu sentimita 90. Ndiyo maana mtu aliyesimama ng'ambo, Busisi, anaonekana kama nukta tu, na huwezi kujua kama amebeba ndoo au mtoto.

Chukua darubini ya mkononi inayokuza mara 6, na hesabu inasema sasa utatambua kitu cha sentimita 15 upande wa pili. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hesabu hiyo inakaribia ukweli. Saa saba mchana haifui dafu. Hewa iliyopata joto juu ya lami na juu ya mawe ya ufukweni inapanda kwa matabaka, kila tabaka linaupinda mwanga kivyake, na picha inaanza kucheza. Hayo ndiyo mazigazi, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoyaondoa. Darubini inayokuza mara 24 huyakuza nayo mara 24.

Nimeanza na daraja kwa sababu suala la darubini za bunduki limejaa imani kwamba kukuza zaidi ni kulenga vizuri zaidi. Katika ufukwe huu imani hiyo ina gharama. Askari wa wanyamapori wanaoitwa kijijini mamba anapovamia mahali pa kuchotea maji wana nafasi ya risasi moja. Ubongo wa mamba wa Naili, hata aliyekomaa, hauzidi sana kidole gumba cha mtu mzima, na akipigwa pembeni yake anarudi majini akiwa na jeraha, hatari kuliko alivyokuja. Mwindaji mwenye leseni anayefuata nyati au swala katika mapori yanayoruhusiwa naye anadaiwa usahihi uleule. (Mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi hayamo tena katika hesabu hiyo: tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na humo hakuna uwindaji.)

Sasa tufanye hesabu ambayo kila mwenye bunduki angepaswa kuifanya kabla hajaingia dukani. Kutoka begani hadi ncha ya mtutu ni takriban mita 1. Ncha hiyo ikipanda milimita 1 tu huku kitako kikitulia, mwelekeo wa bunduki umebadilika kwa sehemu moja ya elfu, pembe ambayo mafundi wa darubini huiita miliradiani. Kwa mita 100 risasi itatua sentimita 10 juu ya ulipotaka. Kwa mita 200, sentimita 20. Milimita 1 ni kidogo mno. Mtu aliyesimama bila kuegemea kitu, akiwa ametoka kutembea kilomita kadhaa na moyo unadunda, hawezi kuizuia ncha ya mtutu isipite hapo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha ianze kutumika: kwenye egemeo, kisha kwenye kioo.

Egemeo linalouzwa sana ni stendi fupi ya miguu miwili inayofungwa chini ya bunduki. Ina uzito wa gramu 300 hadi 700, inakunjwa, na kwenye uwanja wa kupimia shabaha haina mpinzani. Lakini inakutaka ulale kifudifudi, na anayelala kifudifudi kwenye nyasi za Misungwi au kando ya matete ya ziwa anaona nyasi na matete. Ndiyo maana tangu zamani waongozaji wa uwindaji Afrika Mashariki wanabeba fimbo tatu zilizofungwa pamoja karibu na ncha zake za juu. Ukizitanua zinasimama zenyewe, na bunduki inalazwa kwenye panda ukiwa umesimama au umekaa. Siri yake ni ya jiometri: nukta tatu siku zote hukaa kwenye bapa moja, kwa hiyo miguu mitatu haichezi hata ardhi ikiwa na mawe na mabonde. Fimbo mbili ni nyepesi na zinafunguka haraka, lakini zinaacha bunduki iyumbe mbele na nyuma.

Hata hivyo fimbo tatu zinashika sehemu ya mbele tu. Kitako kikisogea, mwelekeo bado unabadilika kwa hesabu ileile ya milimita. Ukikaa chini na kuweka kiwiko cha mkono wa kulia juu ya goti, umepata egemeo la pili bure. Ukilala juu ya mwamba, mfuko mdogo wa mchanga au wa mchele chini ya kitako unafanya kazi kubwa kuliko darubini ya mamilioni. Na usiulaze mtutu wenyewe juu ya jiwe au tawi. Mtutu hutetemeka risasi inapopita ndani yake, ukigusa kitu kigumu unasukumwa mbali nacho, na risasi inakwenda juu. Egemeza ubao wa bunduki, na katikati weka kiganja, kofia au koti.

Wakulima wetu walilijua jambo hili muda mrefu kabla ya fimbo za kukunjwa. Dungu la shambani, lile jukwaa la miti la kulindia mazao, linampa mlinzi mahali pa kukaa, ukingo wa kuegemea, na pembe ya kutazama chini badala ya kutazama sambamba. Hilo la pembe nitalirudia.

Darubini sasa. Kwa bunduki inayobebwa kutwa nzima, swali la kwanza ni mwanga. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa idadi ya ukuzaji, utapata upana wa mwale unaotoka nyuma kuja jichoni. Lenzi ya milimita 42 ikikuza mara 6 inatoa mwale wa milimita 7. Hicho ndicho kiasi ambacho mboni ya kijana hufunguka gizani. Mtu wa makamo anafika 5 hivi. Lenzi ya milimita 56 ikikuza mara 24 inatoa milimita 2.3 tu, na jioni, muda ambao mamba na viboko wanaanza kusogea, picha inakuwa na giza wakati mboni ya jicho iko wazi ikiomba mwanga. Ndiyo maana darubini inayoanzia mara 2 au 3 na kuishia 9 au 10 inatosha kwa karibu kila kazi ya porini katika nchi hii. Ukiiweka kwenye mara 3 pia unaona eneo pana, unamwona mnyama aliyesimama nyuma ya yule unayemlenga, na unamwona mvuvi.

Kilichobaki kwenye mwanga ni ubora wa lenzi zenyewe. Kila uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Darubini yenye nyuso kumi za namna hiyo hupoteza theluthi moja kabla mwanga haujafika jichoni. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, alibuni namna ya kupaka kioo tabaka jembamba linalopunguza upotevu huo, na darubini zote nzuri za leo ni watoto wa kazi yake. Kati ya darubini mbili za bei moja, chagua yenye lenzi zilizopakwa nyuso zote na ukuzaji mdogo.

Nafasi kati ya jicho na lenzi ya nyuma haitakiwi kupungua sentimita 9. Bunduki nyepesi husukuma bega kwa nguvu zaidi kuliko nzito inayopiga risasi ileile, na ukingo wa darubini uliokaribia mno huchana nyusi. Unyevu nao ni adui: darubini iliyokaa kwenye gari lenye kiyoyozi ikitolewa nje alfajiri kando ya ziwa inashika ukungu. Ule wa nje unafutika. Wa ndani haufutiki, ndiyo sababu darubini bora hujazwa naitrojeni kavu na kuzibwa kabisa.

Kisha angalia vishikizo vinavyoifunga darubini kwenye bunduki, jambo ambalo wengi hulipuuza. Kilomita 60 za barabara ya vumbi yenye matuta zinalegeza skrubu ambayo ilikuwa imekaza sawasawa. Mtu aliyepimia bunduki yake Dar es Salaam huleta hofu ya mwinuko, kwa kuwa uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa huku ni nyepesi. Kwa mita 100 mwinuko huo haubadilishi chochote cha kuonekana. Skrubu iliyolegea inabadilisha kila kitu. Piga risasi tatu za kupimia ufikapo, mahali panaporuhusiwa, kabla ya kuingia porini.

Na darubini ya bunduki isitumiwe kamwe kutazama watu au mitumbwi ili kujua ni nani. Unachokitazama kwayo tayari umekielekezea mtutu. Kazi hiyo ni ya darubini ya mkononi, na anayebana bajeti aanze kununua hiyo.

Nirudi kwenye pembe. Risasi inayogonga maji kwa pembe ndogo haizami. Inaruka na kuendelea na safari, ikigeuka upande ambao hakuna anayeweza kuutabiri. Ghuba ya Mwanza ina mitumbwi usiku na mchana. Mpigaji aliyelala ufukweni, macho yake nusu mita juu ya maji, ana egemeo zuri kuliko yote na pembe mbaya kuliko zote. Akipanda juu ya mwamba, na Mwanza haijanyimwa miamba, anapata egemeo lilelile na risasi inayoshuka. Asipopata mwamba, itabidi asubiri mamba atoke majini na kulala mchangani, penye ukingo wa udongo nyuma yake.