Kitabu cha Mshtakiwa Sokoni Kangeta

Soko la Kangeta, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, huamka na miraa. Karibu na wanaofunga mabunda kwa majani ya mgomba, muuza vitabu kuukuu hutandika gunia: vitabu vya marudio ya KCPE, Biblia zilizopoteza jalada, na siku hiyo "Absolute Power", kitabu cha Jonah Anguka kuhusu mauaji ya Dkt. Robert Ouko. "Mwalimu, hiki wazee hukiulizia sana," akaniambia.

Wana haki ya kukiulizia. Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990. Maiti yake ilipatikana karibu na kilima cha Got Alila, imeungua, ina jeraha la risasi kichwani na mguu umevunjika. Daktari wa serikali, Jason Kaviti, alishikilia kwamba alijiua. Yaani mtu ajimwagie mafuta, ajiwashe, ajipige risasi, na mguu nao uvunjike! John Troon wa Scotland Yard alichunguza akasema ni mauaji. Tume ya Jaji Evan Gicheru ikaanza kuwasikiliza mashahidi, lakini Rais Moi akaivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi.

Ndipo Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, akashtakiwa peke yake. Kesi ya kwanza ilikatizwa na kifo cha jaji. Ya pili ilimwachilia mwaka 1994, baada ya kukaa rumande zaidi ya miaka miwili. Akahamia Marekani, na kitabu kikatoka 1998.

Tusisahau kwamba mwandishi huyu anajitetea. Anaponyoosha kidole kwa wengine, msomaji adai ushahidi uleule ambao mahakama iliudai kwake. Lakini serikali iliyoanza na hadithi ya kujiua haina haki ya kutuzuia tusimsikilize.

Nakala ya Kangeta imeshapata msomaji wa namna hiyo. Kwa kalamu ya bluu amepigia mistari tarehe na saa tu, ukurasa baada ya ukurasa. Lawama zote kazipita. Pembeni ameweka alama ya kuuliza kila saa mbili zinapopingana. Ningefurahi kukaa naye kutwa nzima.

Bunge nalo lilijaribu. Kamati ya Gor Sungu ilianza uchunguzi 2003, na ripoti yake ilipofika mbele ya wabunge 2010, wakaikataa. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Ushahidi uliotolewa mbele ya Gicheru ulitolewa hadharani, kwa gharama ya mlipa kodi. Uchapishwe wote, kwa bei ambayo mkulima wa miraa anaweza kuimudu, ili msomaji yule wa kalamu ya bluu apate cha kulinganisha na maneno ya Anguka.