Koti Jeupe Kwenye WhatsApp

Machi 2021, chanjo ya corona ikiwa ndiyo imetua nchini, ujumbe uliingia kwenye grupu ya WhatsApp ya chama cha mama yangu hapa Kimumu. Mrefu, herufi kubwa tupu, na juu kabisa: DAKTARI AMESEMA. Hakuna aliyeuliza ni daktari wa nini. Mama ni mwalimu, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Akaahirisha.

Daktari mwenyewe alikuwepo kweli. Dkt Stephen Karanja, mtaalamu wa uzazi na mwenyekiti wa Chama cha Madaktari Wakatoliki Kenya, alisema chanjo haihitajiki, akapendekeza watu wajifukize na watumie dawa ya hydroxychloroquine. Maaskofu wa kanisa lake hawakukubaliana naye. Aprili 29 mwaka huo huo corona ilimuua. Sisemi hivyo kumcheka marehemu. Nasema kwa sababu ujumbe wake uliendelea kuzunguka hata baada ya mazishi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 chama hicho, pamoja na maaskofu, kilidai chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilikuwa na homoni ya kuwafanya wasizae. Wizara ya Afya na WHO zilikanusha. Mwaka 2019 chama kikapinga ile ya HPV, ya kuwakinga wasichana wa miaka kumi dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi.

Watu husema tunaodanganyika ni wajinga. Aii, hapana. Tumezoea kumwamini daktari: akisema fungua mdomo, unafungua. Sasa yule yule akiandika kitu kwenye simu, utaanzaje kumbishia? Wizara ilijibu, ndiyo, lakini kwenye grupu yetu jibu lilifika kama PDF na sidhani kuna aliyeifungua.

Aliyembadilisha mama ni sista mmoja, nesi tunayeishi naye ploti moja. Aliweka status: picha ya mkono wake una plasta, na maneno machache. Nimedungwa. Usiku nilipata homa, leo niko kazini. Basi. Mama alimfuata kwenye kamba ya nguo, wakaongea karibu nusu saa. Akamuuliza kuhusu damu kuganda. Sista hakumcheka wala kumwambia aache mambo ya mitandao. "Mwalimu, hata mimi niliogopa," alisema, kisha akamweleza kwamba hutokea, ila ni nadra sana, na dalili za kuangalia ni zipi. Jumatatu mama akaenda.

Kitu ambacho sikujua wakati huo ni matusi aliyopata sista kwa status ile. Kuna aliyemuuliza amelipwa ngapi.

Julai 2025 ilipokuja kampeni ya chanjo ya surua na rubela, pamoja na ile mpya ya homa ya matumbo, ujumbe ule wa zamani ulirudi ukiwa umebadilishwa jina la chanjo tu. Nilingoja status ya sista. Kimya. Nilipomuuliza alisema amechoka, kazi yake ni wodini, hakuna anayemlipia bando wala kumtetea akitukanwa.

Jioni hiyo mama wa kibanda cha mboga alibisha mlangoni kwake, mtoto mgongoni, simu mkononi. Sista alivaa miwani, akaichukua ile simu, akaanza kusoma.