MZALIWA WA UNGUJA ALIYEVAA SKETI WATU WACHEKE

Kaa vizuri nikueleze habari za mtu aliyezaliwa akiitwa Farrokh Bulsara. Lakini kwanza nikwambie kilichonipeleka kwake.

Muhula uliopita mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitugawia sehemu za mchezo wetu wa kuchekesha, ule wenye nyimbo nyingi. Mimi nilikuwa nikiitamani sehemu ya chifu. Nikapewa ya ajuza wa Kigiriama, avaaye hando na kuimba akimsuta mke wa mwanawe. Ndugu msomaji, mimi ni mvulana wa miaka 16, sauti imeshakuwa nzito na ndevu mbili tatu zimeanza kuchungulia. Darasa zima likaangua kicheko. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo mambo ya darasani hayaishii darasani. Yalinifuata njia nzima hadi Kibarani. Hata watoto wa shule ya msingi wakawa wananiita "Hawe", yaani nyanya. Nikakusudia kuikataa sehemu hiyo kesho yake asubuhi.

Kilichonizuia ni simu ya kaka yangu. Aliniuliza, "Kwani wewe Joti humcheki? Na Mama Otis je?" Kweli bwana. Joti wa Orijino Komedi ya Tanzania, ambaye jina lake ni Lucas Mhuvile, tulimzoea akijifunga kanga na kuigiza vikongwe. Na Mama Otis ni mwanamume, ni Flaqo wa hapa hapa Kenya. Kwetu nyumbani hakuna anayewazomea. Kisha kaka akanionyesha video ya muziki ya mwaka 1984. Mwanamume mwenye masharubu mazito, wigi nyeusi, blauzi ya waridi na sketi fupi ya ngozi, anasukuma mashine ya kufyonza vumbi huku akiimba. Kaka akasema, "Huyu ni mtu wa Unguja." Sikuamini.

Naam, ni kweli. Farrokh alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi wenye asili ya India. Babake alikuwa keshia katika serikali ya Waingereza. Akiwa na miaka 8 alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Alirudi Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 aliunda kikundi pamoja na Brian May na Roger Taylor, wakakiita Queen, maana yake Malkia. John Deacon akajiunga 1971. Yeye mwenyewe akajipa jina la Mercury.

Sitakudanganya kwamba kazi yake ilikuwa kuvaa kama mwanamke. Alikuwa mwimbaji. Lakini mzaha ulikuwamo katika muziki wake tangu mapema. Albamu yao ya 1975 ilipewa jina la filamu ya kuchekesha ya ndugu wa Marx ya mwaka 1935. Ndani yake mna wimbo Bohemian Rhapsody, unaoiga opera kwa utani, na ukitega sikio utasikia neno bismillahi. Wimbo huo ulikaa nambari moja huko Uingereza kwa wiki tisa.

Sasa turudi kwenye sketi. Wimbo wa ile video unaitwa I Want to Break Free, na aliyeutunga si Freddie bali ni John Deacon. Uingereza kuna mchezo wa televisheni uitwao Coronation Street, ulioanza mwaka 1960, unaoonyesha maisha ya watu wa kawaida wa mtaa mmoja wa kaskazini. Queen waliuigiza mchezo huo kwa utani. Wote wanne walivaa kike. Freddie ni mama wa nyumba anayechoka na kazi. Brian May ana gauni la kulalia na rola kichwani. Roger Taylor ni msichana wa shule. Na Deacon, mtunzi mwenyewe, ni kikongwe mwenye kofia, amekaa na gazeti lake akiwatazama wenzake kwa jicho la kutoridhika. Huyo ndiye niliyempenda kuliko wote! Hafanyi lolote, lakini unamjua. Mimi namjua, anakaa jirani na sisi.

Waingereza walicheka sana, na wimbo ukafika nambari tatu. Huko Marekani mambo yalikuwa mengine. Wamarekani wengi hawakuujua mchezo ule wa Kiingereza, basi walichoona ni wanaume wenye sketi tu, na wengi hawakupendezwa. Wimbo uliishia nambari 45. Tangu ziara yao ya 1982 Queen hawakuzunguka tena Marekani wakiwa na Freddie, na Brian May ameitaja video hii kuwa miongoni mwa sababu. Januari 1985 wakaenda Rio de Janeiro, Brazil. Nchi ile ilikuwa bado chini ya utawala wa wanajeshi, na wimbo huo watu walikuwa wameufanya wa kudai uhuru. Freddie akatokea jukwaani na wigi na matiti ya bandia. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji walikasirika hata wakarusha vitu.

Sketi, wimbo na mwimbaji ni vile vile, lakini hapa kicheko na pale hasira. Kwa nini? Nililiwaza swali hili siku nyingi. Kumbuka kwamba hata Juliet wa Shakespeare alichezwa na mvulana, kwa kuwa wanawake wa Uingereza hawakuruhusiwa jukwaani hadi karibu mwaka 1660, na hakuna aliyemcheka Juliet. Kwa hivyo nguo yenyewe haichekeshi. Kinachochekesha ni kumtambua mtu aliye ndani ya nguo ile. Waingereza walimtambua mama wa jirani. Wamarekani hawakumtambua mtu.

Freddie alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 45. Kwao Unguja ukumbusho wake haukuwa rahisi. Mwaka 2006 sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na kundi moja la kidini, ikavunjwa. Jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani mwaka 2019.

Basi mimi nikaenda kwa hawe wangu kuazima hando. Alinitazama kitambo, akauliza, "Mjukuu wangu, hando langu utalivaa wanicheka mimi, au wawachekesha watu?" Nikakosa jibu. Maana katika mchezo wetu palikuwa na pahali ambapo ajuza anadhaniwa mchawi kwa mvi zake, vijana wanamfukuza na watazamaji wacheke. Na sisi wa Kilifi twajua kwamba wazee wetu wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Hawe hatoki nje usiku, na sababu ni hiyo hiyo. Pale hakuna wa kutambuliwa, ni kichwa cheupe tu kinachokimbizwa.

Nilimweleza mwalimu mlezi yote haya, na la Marekani pia, kwamba tukifika mashindano ya taifa huenda waamuzi wasijue hando ni nini. Alinyamaza, kisha akalifuta lile tukio la kufukuzwa. Mahali pake ajuza anaingia kwanza akitoka shamba na mzigo wa kuni, anahesabu kuku wake, anakuta mmoja hayupo, ndipo anapoanza kuimba.

Hawe amenifunga hando mwenyewe na kunifundisha kutembea, maana nilikuwa nikitembea kama askari. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndevu nitanyoa. Iliyobaki ni sauti, nayo kila nikiipandisha inakatika katikati ya ubeti, na hawe anasema niiache hivyo hivyo, yake pia hukatika.